Amina ya Pili

Niliomba kwenye redio kama kawaida yangu kabla ya mbio, nikamalizia na "katika jina la Yesu".

Watu wawili wakajibu Amina.

Mmoja alikuwa mdogo wangu Kipngetich, amefungwa mikanda ndani ya gari lake, anasubiri bendera. Huyo ndiye niliyekuwa namwombea. Wa pili sikumfahamu. Ilikuwa sauti ya mwanaume mtu mzima, nzito, ya taratibu, kama ya mtu aliyezoea kukaa viti vya mbele kanisani.

Mwingine aliyekuwa na redio yetu ni fundi wetu Tobias. Lakini Tobias sauti yake naijua, na wakati huo, kutoka juu ya paa la jukwaa, nilikuwa namwona kule chini mdomo umejaa chapati.

Wewe unayependa kusengenya watu kwa Kiswahili ndani ya lifti za hapa Marekani, soma hadi mwisho. Hii nimeiandika kwa ajili yako.

Naitwa Jelagat. Naishi Adelphi, Maryland, na kazi yangu ni kutunza wazee Bowie, wale wenye nyumba kubwa na watoto wanaopiga simu Krismasi kwa Krismasi.

Sisi ni Wanandi. Watu wa kwetu wanajulikana dunia nzima kwa kukimbia kwa miguu. Kip alijaribu akiwa shule ya msingi, akatapika mbele ya mwalimu mkuu, akasema Mungu hakuruhusu injini itengenezwe bure.

Alipofika huku akapata kazi gereji moja Gaithersburg, na huko ndiko akaambukizwa ugonjwa wa mbio za stock car. Kama huzijui, ni magari yenye sura ya magari ya kawaida, lakini ndani yametolewa kila kitu yakabaki vyuma na kiti kimoja. Yanazunguka kiwanja kidogo cha lami kama nzi waliofungiwa chupani, na mwenye pointi nyingi mwisho wa msimu ndiye bingwa.

Dereva akiwa ndani ya lile gari haoni pembeni wala nyuma. Kwa hiyo kila dereva ana mtu wake anayesimama juu ya paa la jukwaa na kumwongoza kwa redio: kulia kuna mtu, kushoto kweupe, mbele wamegongana. Tunaitwa spota.

Mimi sijui lolote la injini. Nilipewa kazi hiyo kwa sababu Kip hamsikilizi mtu mwingine. Mama yetu alifariki Kip akiwa darasa la tatu, nikamlea mimi. Leo ana ndevu na mvi mbili tatu, lakini nikimwambia kaa, anakaa.

Sasa, kwenye mbio hizi kila timu husikiliza redio ya mwenzake. Si kosa. Hata watazamaji hununua vifaa vya kusikilizia. Timu nyingine hutunga maneno ya siri, halafu wanayasahau wenyewe katikati ya mbio.

Kip akaja na wazo lake mwanzoni mwa msimu.

"Siz, si tubonge Swa tu? Hawa wasee hawatashika kitu."

Kinandi tungependa zaidi, lakini Tobias ni Mjaluo wa Siaya na ni lazima aelewe gari linasema nini. Tukakubaliana Kiswahili.

Mwanzoni raha ilikuwa tele. Wenzetu wanahangaika na siri zao, sisi tunaongea kama tuko sokoni Kapsabet. Huyu tairi zimechoka, mpitie chini. Yule ana hasira, mwache apite, atajigonga mwenyewe. Tulishinda, tukashinda tena, mpaka watu wakaanza kutuuliza tunapika nini.

Na kwa kuwa hakuna aliyetuelewa, mdomo wangu ukapata likizo.

Juu ya paa nilisimama bega kwa bega na spota wa gari namba arobaini na nne, lililokuwa likiendeshwa na kijana anaitwa Ethan, mpinzani wetu mkubwa. Spota wake alikuwa mzee mmoja Mmarekani Mweusi, mrefu, mkimya, mwenye kofia ya sufu hata Julai. Nilimbatiza Mzee Kofia. Nilimwambia Kip hewani kwamba ile kofia imeatamia yai, na kabla msimu haujaisha tutasikia kifaranga.

Nilisema hayo mzee akiwa amesimama pale pale, anaangalia uwanjani. Nikimaliza namgeukia kwa Kiingereza changu cha kazini, nampa mandazi. Anapokea kwa mikono miwili na kunishukuru.

Mikono miwili. Ningekuwa na akili ningeona hapo.

Basi, mwezi wa nane ndipo ikaja ile Amina ya pili.

Nilimuuliza Kip baada ya mbio. Alisema naye aliisikia, akadhani ni mwangwi. Tobias akaunga mkono: redio zetu ni za bei ya chini, zinarudisha sauti. Nikawaambia mwangwi hauwezi kuwa na sauti nzito kuliko mwenyewe. Wakanicheka, lakini usiku ule sikupata usingizi.

Tangu siku ile mambo yakaanza kutuharibikia.

Nikimwambia Kip apite chini, Ethan tayari yuko chini. Nikimwambia asubiri raundi tano ndipo ashambulie, Ethan anafunga njia raundi ya nne. Tukibadilisha mpango dakika ya mwisho, naye anabadilisha. Ilikuwa kama mtu anasoma mawazo yetu, na mimi si mwoga wa hovyo, lakini nilianza kupanda lile paa nikitazama nyuma kila ngazi.

Mara nyingine nilisikia kitufe kikibonyezwa. Hakuna neno. Mtu anapumua tu, halafu kimya.

Nilimweleza Mama Dorothea, Mhaya wa Bukoba, kiongozi wa kina mama kanisani kwetu Adelphi. Alinisikiliza hadi mwisho, akasema ni adui huyo, na adui dawa yake ni kuongeza maombi. Nikaongeza. Hewani, kwa Kiswahili, kwa sauti.

Hakuna hata mmoja wetu aliyewaza lugha. Nani angewaza lugha, kusini mwa Maryland, kwenye uwanja ambao weusi tulikuwa tunahesabika kwa vidole?

Tukafika mbio za mwisho Kip akiwa mbele kwa pointi mbili tu. Ikitokea Ethan amemaliza mbele yake, ubingwa umekwenda.

Na kwa Kip haukuwa ubingwa wa kombe. Bingwa wa mwaka ule alikuwa ameahidiwa siku ya majaribio na timu kubwa, ya madereva wa kulipwa, nafasi ya kuachana na kubadilisha oili za watu Gaithersburg. Mdogo wangu alikuwa amelala chini ya lile gari majira ya baridi mazima. Alikuwa haniambii, lakini nilijua anaota nini.

Jumamosi mvua ikanyesha, mbio zikasogezwa Jumapili mchana.

Jumapili kwetu ni kanisa. Kwa kuwa sisi hatukuweza kwenda, kanisa likatujia. Mama Dorothea aliongoza msafara wa magari matatu, pilau kwenye masufuria, kanga za kutandika, akaegesha nje kwenye maegesho ya watazamaji. Sehemu ya mafundi hawakuruhusiwa kuingia. Akanipigia simu nikiwa tayari juu ya paa najaribu redio, akasema leo ni siku ya Bwana, na kama mnataka kukimbia siku ya Bwana basi timu nzima ije tuombe kwanza, hata fundi.

Kwa Mama Dorothea huwezi kusema hapana. Nikabonyeza redio.

"Kip, Tobias, njooni nyote kwa gari ya Mama Dorothea. Tunaomba."

"Nimeshakaza nati zote," Tobias akajibu. "Sasa gari nimwachie nani?"

"Iache tu hapo. Nani ataiiba? Wacha kila mtu aje."

Mzee Kofia alikuwa pembeni yangu, naye anaongea na redio yake kama maspota wote. Nilimwambia nitarudi sasa hivi, anilindie nafasi yangu. Nikashuka ngazi.

Maombi ya Mama Dorothea unayafahamu hata kama humfahamu. Aliombea tairi, akaombea injini, akaombea marais wa nchi mbili, akamkemea adui kwa majina yake yote. Sote tulikuwa tumefumba macho tumeshikana mikono, na mimi nilikuwa nalia kidogo. Tulipofumbua, wanaita magari mstarini. Kip na Tobias wakakimbia.

Nilipanda paa, nikavaa vifaa vya masikioni, nikaomba yale maombi yangu mafupi ya hewani.

Kip akajibu Amina.

Nikasubiri. Safari hii hapakuwa na ya pili. Nilipaswa kufurahi, lakini niliongeza sauti ya redio, nikasikiliza tena.

Bendera ikashuka.

Sitakudanganya, mdogo wangu aliendesha siku ile kama mtu aliyeachiliwa kutoka jela. Katikati ya mbio alikuwa amempita Ethan na anaongoza. Watu wa kanisa waliingia jukwaani na kanga zao, nilikuwa nasikia vigelegele juu ya ngurumo za magari.

Halafu Kip akasema, "Siz, usukani unatetemeka."

Tobias akadakia kwamba ni uchafu tu, vipande vya raba vimeganda kwenye tairi, vitatoka vyenyewe. Kip akaendelea. Raundi mbili baadaye akasema kutetemeka kumezidi kidogo. Nikamwambia avumilie, tunakaribia kumaliza.

Na hapo ile sauti ikarudi.

"Dada, mtoe ndugu yako uwanjani."

Ilikuwa ile ile ya Amina. Kiswahili kimenyooka, cha kitabuni, kizuri kuliko changu.

"Nani huyo?" Kip akauliza.

Nilipata hasira, maana nilielewa mara moja: ni mtu wa Ethan, wamempata mtu wa kututisha, ili Kip atoke na kombe liende kwao. Nikamwambia atoke kwenye laini yetu, na nikaongeza maneno ambayo Mama Dorothea hakuyasikia, namshukuru Mungu.

"Tairi la mbele, kulia," sauti ikasema. "Nati zimelegezwa. Mtoe sasa, tafadhali."

"Siz, nifanye aje?" Kip aliuliza. "Niko mbele. Zimebaki chache tu."

Ndugu yangu, sijawahi kupewa swali kama lile. Nikimtoa bila sababu, nimemuua Kip kwa namna nyingine. Angenisamehe kwa mdomo, lakini kila nikimwona anatoka gereji na mikono ya oili ningejua ni mimi. Nisipomtoa, na sauti inasema kweli, kona ya tatu ina ukuta wa zege, na Kip anaiingia kona ya tatu bila kugusa breki.

Nikabonyeza kitufe. "Wewe ni nani?"

Jibu nililisikia mara mbili. Nililisikia masikioni, na nikalisikia nyuma ya kisogo changu.

Niligeuka.

Mzee Kofia alikuwa na redio ndogo ya pili mkononi, ameishika karibu na mdomo. Kofia ameivua. Kweli kulikuwa na yai: kipara kitupu. Machozi yalikuwa yanamtiririka na hakuwa anayafuta.

"Jina langu ni Ayinde," alisema, sasa bila redio, ana kwa ana. "Nakusihi, dada. Mtoe."

Mwili wote ulinituma nimsukume kutoka lile paa. Lakini nimetunza watu wengi hadi mwisho wao, na sura ya mtu anayeogopa kifo cha mtu naijua.

"Kip. Ingia ndani kwa mafundi."

"Siz, please."

"Ingia. Usiniulize."

Nililiona gari likipunguza, likaacha mstari, likashuka njia ya kuingilia kwa mafundi. Ethan akapita mbele na nusu ya uwanja ikasimama kushangilia. Kule chini Tobias alitupa kofia yake, akanitazama juu, akafungua mikono.

Kabla gari halijamfikia, tairi la mbele kulia likainama nje. Likachomoka. Gari likaanguka kwa pua, likakwaruza lami na kusimama. Lile tairi likaendelea peke yake polepole, likagonga uzio, likalala.

Nilibonyeza redio, nikaita jina lake.

"Siz," Kip akasema. "Ningekuwa kwa kona."

"Najua. Kaa hapo. Usitoke mpaka Tobias afike."

Nilikaa chini kwenye bati la paa. Mzee Ayinde akachuchumaa mbele yangu. Nilimshika mkono, nikataka kuubusu. Nilimwambia Mungu akubariki, baba, umeniokolea mtu wangu.

Akautoa mkono wake.

Akaniambia nisimshukuru kabla hajamaliza kusema.

Alinieleza kwamba anaishi Bowie, amestaafu kazi ya serikali. Kiswahili alijifunza akiwa kijana chuoni hapo Washington, akakifundisha watoto wake, wakakikimbia. Maisha yake yote hakuwa amewahi kuwa karibu na watu wanaokiongea hivi hivi, wakitaniana, wakigombana. Msimu ulipoanza alitutegea redio kwa ajili ya kazi, akakuta ni sisi, na tangu hapo alikuwa anaingoja Jumamosi kama mtoto.

"Hata ile ya yai niliipenda," alisema.

Siku ile ya mwezi wa nane redio yake ya pili ilikuwa imewekwa kwenye mawimbi yetu ili atusikilize tu. Nilipoomba, alisahau yuko wapi. Kidole kikabonyeza, Amina ikamtoka. Na baba yake Ethan, mwenye lile gari, alikuwa amesimama nyuma yake.

Akamuuliza kwani anaelewa wanachosema wale. Ayinde akasema ndiyo. Kuanzia siku hiyo akawa mkalimani wao.

Alidhani ni mbinu tu za mbio. "Kila timu inasikiliza," alisema, "mimi nilikuwa nasikiliza vizuri zaidi."

Nilimuuliza, na leo?

Akaangalia kofia yake mikononi.

"Leo pia nilitafsiri. Nilisema wote wanakwenda kuomba, gari limebaki peke yake."

Nilimwona kichwani: mtu mmoja, spana mfukoni, anatembea kwenda kwa gari la mdogo wangu, wakati sisi tumefumba macho tunamkemea adui.

"Ulijua saa ngapi?"

"Nilimwona fundi wa timu yetu akiinama pale. Nilijua kabla ya bendera."

"Mbio nzima, mzee? Mbio nzima ulikuwa umesimama hapa na mimi?"

"Niliogopa," alisema.

Sikumpiga. Watu huniuliza kwa nini sikumpiga. Niliinuka nikashuka kwenda kwa mdogo wangu.

Ayinde alikwenda mwenyewe kwa wasimamizi wa uwanja, akaeleza yote, na jina la aliyeinama pale. Yule mtu akakana, baba Ethan akakana, hakuna mwingine aliyeona. Kombe likabaki kwa Ethan. Siku ya majaribio ikaenda kwa Ethan. Kip alirudi gereji Jumatatu, na jioni akanipigia kuniambia kwamba yule mzee amemwokoa na nisimchukie. Mimi nikamwambia alikuacha mlangoni mwa kaburi mbio nzima, akakuita mwishoni.

Wote wawili tuko sawa. Hiyo ndiyo inayonisumbua.

Funzo langu ni dogo. Wahenga walisema kuta zina masikio, nasi tukafika ugenini tukadhani lugha yetu ndiyo ukuta. Sisi wageni tunaongea mambo ya ndani hadharani, tunacheka watu mbele ya nyuso zao, tunatangaza mlango umeachwa wazi, kwa kuamini hakuna wa kusikia. Yupo. Pengine anakipenda Kiswahili kuliko wewe, na bado akakitumia kukuumiza.

Msimu mpya umeanza. Maelekezo sasa tunapeana kwa Kinandi, na Tobias analalamika kwamba gari analitengeneza kwa kubahatisha. Mzee Ayinde hapandi tena paani. Hununua tiketi, hukaa jukwaani peke yake na kifaa chake cha kusikilizia. Kifaa hicho hakiwezi kujibu. Namtambua kwa ile kofia.

Maombi tu ndiyo nimeyaacha kwa Kiswahili. Kip ameniuliza kwa nini, nikamwambia aangalie mbele.

Naomba, naachilia kitufe, Kip anajibu Amina. Halafu nasikiliza kidogo zaidi.